Ratiba ya Mhindi, ndoo ya Handeni

Waandishi wa habari wa mikoani tuna magonjwa yetu ya kazi, na la kwanza ni tumbo. Wadau mnaosoma hapa mkiwa ofisini Dar, wenye kantini ghorofa ya chini, labda hamjui siku ya mwandishi wa Korogwe inavyokwenda. Asubuhi unakunywa chai ya rangi na chapati moja stendi, unapanda Noah kwenda Handeni, kilomita 65, kuwahi kikao cha madiwani kilichotangazwa kuanza saa tatu. Kinaanza saa tano. Chakula kinatoka saa tisa na nusu, wakati mhariri ameshapiga simu mara tatu anataka stori kabla ya saa kumi. Unaandika kwenye simu umeegemea ukuta, unatuma, unatafuta gari la kurudi. Saa tatu usiku ndipo unakutana na sahani ya chipsi mayai. Unakula, unajitupa kitandani, na kifua kinaanza kuwaka moto.

Tena wengi wetu hatuna ajira, tunalipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, hakuna kitu. Sasa nani atamwambia mhariri wake, "Samahani bosi, subiri kwanza nile"?

Kiungulia kiliponizidi nilikwenda hospitali, nikapimwa, nikapewa vidonge. Vikasaidia. Daktari akaongeza maneno mawili ambayo kila mgonjwa wa tumbo ameshayasikia: kula kwa wakati, na usilale ukiwa umeshiba. Nikatoka nikijiuliza huo wakati unauzwa duka gani.

Duka lenyewe kumbe lipo hapa hapa Korogwe. Ni la mzee mmoja wa Kihindi, duka la vifaa vya ujenzi, ambaye familia yake ipo mkoa huu tangu enzi mkonge ukiitwa dhahabu ya Tanga. Nilikwenda kumuuliza bei ya saruji kwa ajili ya stori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Mbona umekonda hivyo? Gazeti halilipi?"

Nikamweleza habari za tumbo. Akacheka, akaagiza chai ya tangawizi, akaniambia marehemu mama yake angenipa dawa bila kunipa hata mzizi mmoja. Angenipa saa. Aamke saa ngapi, ale saa ngapi, alale saa ngapi, basi. Akaniambia hiyo ndiyo Ayurveda aliyokulia nayo nyumbani. Hayo mambo ya hoteli za kitalii, ya kumwagiwa mafuta kwenye paji la uso kwa dola, alisema hayajui.

Nikaenda kusoma. Ayurveda ni elimu ya tiba ya India ya kale. Kitabu chake kimoja kikubwa, Charaka Samhita, kinakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,000. Ndani ya elimu hiyo kuna kitu kinaitwa dinacharya, maana yake mwenendo wa siku. Kwa ufupi ni hivi. Unaamka kabla ya jua kuchomoza. Unakwenda haja, unapiga mswaki, unakwangua ulimi, na siku hizi wengi huanza na maji ya uvuguvugu. Unajipaka mafuta mwili mzima, hasa ya ufuta, kisha unaoga. Unafanya mazoezi, lakini kwa nusu tu ya nguvu zako. Chakula kikubwa ni cha mchana, jua likiwa juu, kwa sababu wanaamini moto wa tumboni, wanaouita agni, unapanda na kushuka pamoja na jua. Usiku unakula kidogo na mapema. Saa nne usiku uwe umelala.

Wanasema pia mwili unaongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kila moja ina zamu yake. Kapha ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, pitta saa nne hadi saa nane mchana, vata saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, kisha usiku mzunguko unaanza upya. Hebu itazame hiyo saa. Inaanza kuhesabu jua linapotoka, kama saa yetu ya Kiswahili! Kwa Mzungu siku mpya inaanza usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Kwetu mchana unaanza na jua, na huku karibu na Ikweta jua halina visingizio, mwaka mzima linatoka na kuzama karibu muda ule ule. Kama kuna nchi ambayo ratiba hii haihitaji tafsiri, ni hii yetu.

Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona vitu vya nyumbani. Kuamka kabla ya jua? Adhana ya alfajiri hapa Korogwe inafanya kazi hiyo kila siku, na jogoo wa jirani anasaidia. Mswaki wa mti? Kabla ya dawa ya meno ya dukani, babu zetu walikuwa na vijiti vyao, na Waislamu wanao mswaki kama sunna. Mwarobaini wenyewe, ambao tumeuzoea hadi tunaona ni wetu, asili yake ni huko huko Bara Hindi, na huko vijiti vyake ni miswaki tangu zamani. Kula bila kujaza tumbo? Ayurveda inasema acha nafasi tumboni. Mtume naye amepokewa akisema theluthi ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Ufuta? Unalimwa Handeni, ingawa mwingi unasafiri kwenda nje kabla mkulima hajaonja mafuta yake.

Halafu kuna ladha sita ambazo wanasema zikutane katika mlo: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ile ya ukakasi, kama ndizi mbichi. Nikajaribu kuhesabu kwenye sahani ya mama ntilie wa Chanika, pale Handeni mjini: bada, maharage, mchunga, ndimu, pilipili. Nikapata tano bila kutafuta. Mchunga peke yake unamaliza habari za uchungu, mwenye kuujua anajua.

Kipengele kilichonichekesha zaidi ni orodha ya haja 13 ambazo Charaka anakataza kuzizuia. Kuna mkojo, kuna choo, kuna chafya, miayo, njaa, kiu, usingizi, hata machozi. Nikafikiria mabasi ya Arusha yanayopita hapa Korogwe, abiria anabana tangu Chalinze, na konda anasema "bado kidogo". Sisi tumelipa jambo hili jina zuri kabisa, kuchimba dawa. Madereva wangejua kwamba kuna waganga wa miaka 2,000 wanaokubaliana na abiria!

Basi nikaamua kuijaribu hiyo ratiba miezi mitatu, kwa sharti moja, kwamba kazi isisimame. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana najua humu wapo wahasibu, walimu, na watu wa benki wenye matumbo kama yangu.

Kilichowezekana kwanza ni kuamka. Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Siendi kuketi na kutafakari kama vitabu vinavyotaka, nakwenda kuandika. Mji umetulia, simu haiiti, na stori ambayo mchana ingenichukua saa tatu inaisha kwa saa moja na nusu. Kwa mwandishi faida hii peke yake inatosha.

La pili ni chakula cha mchana, na hapa ilibidi nibebe hotipoti. Ndiyo, hotipoti, kama mwanafunzi wa chekechea. Wenzangu walinicheka kikao cha kwanza. Saa saba mchana natoka nje, nakaa chini ya mwembe, nakula wali na maharage dakika kumi na tano, narudi. Katika miezi mitatu sijaona tamko la diwani lililonipita kwa ajili ya dakika hizo. Kikao cha tatu kulikuwa na hotipoti mbili chini ya mwembe.

La tatu ni usiku. Nakula saa moja, uji au viazi, na simu naizima saa nne. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mhariri anaweza kupiga saa nne na nusu kuuliza jina la kijiji linaandikwaje. Dawa yake nilikuja kuipata. Kila stori naituma na karatasi ya nyongeza yenye majina yote, vyeo vyote na takwimu zote. Simu za usiku zikapungua zenyewe.

Mafuta ya ufuta nimeyapeleka Jumapili. Joto la Korogwe na vumbi la barabarani ukitoka umejipaka mafuta, utafika unakokwenda umekuwa andazi. Mazoezi sina haja ya kuyatafuta, mwandishi asiye na pikipiki anatembea. Kuhusu kapha na pitta, sijaona namna ya kuzipima, kwa hiyo sizifuati wala sibishani nazo.

Tumbo limetulia. Sisemi ni miujiza, daktari alishaniambia hayo hayo kwa sentensi mbili. Tofauti ni kwamba daktari alinipa katazo, na ratiba ikanipa mahali pa kuliweka. Tena sayansi ya leo haiko mbali sana na hoja ya saa. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilikwenda kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliochunguza nzi wadogo wa matunda na kuonyesha jinsi chembe hai zinavyobeba saa yake ndani, inayofuata mchana na usiku. Mwili unajua ni saa ngapi hata kama mhariri hajui.

Ila jamani, tusibebe kila kitu kwa sababu ni cha kale au ni cha asili. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walinunua dawa 70 za mitishamba za Ayurveda kwenye maduka ya Boston na vitongoji vyake, wakakuta 14 zina madini mazito kama risasi, zebaki au aseniki. Ni moja katika kila tano. Kubadili saa ya kula hakumwekei mtu risasi kwenye damu, lakini kumeza unga usiojulikana umetengenezwa wapi ni habari nyingine. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2011 taifa zima lilipanga foleni kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na magazeti yalijaza kurasa kwa miezi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilikuwepo tangu 2002. Foleni haikuisubiri sheria.

Na mfano wa namna nyingine upo hapa hapa Korogwe. Kuanzia 2009 watoto wa wilaya hii walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza mwaka 2021. Miaka kumi na zaidi ya kupima, kuhesabu na kusubiri. Mtu wa Korogwe anayeniambia dawa yake imethibitishwa kwa sababu shangazi yake alipona, ana jirani wa kumuuliza kuthibitisha kunachukua muda gani. Kwa hiyo ukiwa na presha au kisukari, amka alfajiri, kula mapema, lakini vidonge vyako usiviache.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki ya sita ya ratiba yangu nililala Handeni siku nne, nikifuatilia habari ya maji. Nilipanga chumba kwa mama mmoja. Alfajiri ya kwanza nikaamka saa kumi na moja, nikijiona mimi ndiye mtu wa kwanza duniani. Natoka uani namkuta mama keshaondoka. Mlango umeegeshwa, ndoo hazipo. Akarudi saa kumi na mbili na nusu, ndoo kichwani, na binti yake nyuma na dumu la lita 20.

"Umeamkaje mwanangu?"

"Salama mama, shikamoo. Umetoka saa ngapi?"

"Marahaba. Saa tisa na nusu. Ukichelewa foleni inakuwa ndefu, na huyu shule anayo."

Nikachemsha maji yangu ya uvuguvugu, kikombe kimoja. Nikaoga, ndoo nzima. Wakati naoga ndipo hesabu ikanijia. Ratiba yangu nzuri, kuanzia kikombe cha kwanza hadi kuoga baada ya mafuta, inaanza na maji. Vitabu vinasema amka, kunywa maji. Havisemi maji yameletwa na nani. Vinasema kula chakula cha moto mchana, havisemi nani kaamka kukipika. Mwandishi wa vitabu hivyo alikuwa na mtu uani.

Mama yule, ukiiweka siku yake kwenye karatasi, anafuata dinacharya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Anaamka kabla ya jua. Anatembea kilomita kadhaa. Anakula mboga za majani, nyama kwa nadra. Usiku analala mapema kwa sababu amechoka. Kwa mujibu wa ratiba alitakiwa awe na afya ya kung'aa. Anaumwa mgongo, shingo na magoti. Mazoezi kwa nusu ya nguvu zako, inasema Ayurveda. Nani atampunguzia mama huyu nusu ya pili?

Maji ya Handeni ni stori ya zamani kuliko mimi. Mradi mkubwa wa bomba unaojulikana kwa kifupi HTM, unaovuta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, ulijengwa miaka ya 1970. Mji ukakua, mashine zikazeeka, watu wakaendelea kutegemea malambo na foleni. Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani imo. Fedha zake ni mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Nilipoisoma tena habari hiyo nikatabasamu peke yangu. Ratiba imetoka India, na fedha za maji ya kuifuata nazo zimetoka India. Kwa yule mama hicho cha pili ndicho dawa, na ndicho ninachotakiwa kukifuatilia stori baada ya stori, bomba limefika wapi na linatoa maji siku ngapi kwa wiki.

Huku milimani juu ya Korogwe, Wasambaa wana maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyaandikia kitabu mwaka 1990: kuzifya shi na kubana shi. La kwanza ni kuiponya nchi, la pili ni kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati, chakula kikiwepo, watu wakiwa na amani, nchi imeponywa. Njaa na ugomvi vikitawala, nchi imeharibiwa, na mtawala ndiye anayeulizwa. Wazee hao hawakuitenganisha afya ya mtu na hali ya nchi anayoishi. Naona hiyo ndiyo sura inayokosekana kwenye vitabu vya ratiba, vile vya kale na hivi vya kisasa vinavyouzwa uwanja wa ndege. Vinamwambia mtu mmoja ajipange. Sawa, ajipange, mimi nimejipanga na tumbo limepona. Lakini muda wa kujipanga nao ni mali, na haujagawanywa sawa.

Kwa hiyo mdau mwenye kazi nyingi, ushauri wangu ni mfupi. Anza na vitu vitatu tu: amka saa moja kabla ya kelele, kula mlo mkubwa mchana, zima simu saa nne. Usinunue chochote. Kisha angalia nyumbani kwako ni nani anaamka kabla yako ili wewe uweze kuamka vizuri. Inaweza kuwa mama, mke, dada wa kazi. Mpunguzie ndoo moja. Siku zile zilizobaki Handeni dumu la binti nilibeba mimi, na shule aliwahi. Kwenye ratiba yangu nimeliandika dumu hilo pale kwenye mstari wa mazoezi.

Haya, saa tatu na nusu hii, na nimeahidi saa nne simu izimwe. Nyie mnaamka saa ngapi, na maji yanaletwa na nani? Tuambiane.

Alamsiki.